Ua la Nyuma ya Jiko

Wajukuu wangu wakiliona tu lile ua jekundu limepasua udongo nyuma ya jiko, basi amani imekwisha. Watakuja mbio, watanivuta kanga, "Bibi, njoo uone, limetoka!" Na mimi naenda, kwa sababu mtoto hana kosa. Naenda, nasimama, nasema ndiyo, zuri kweli. Lakini mkitaka ukweli wangu, nalichukia ua lile. Nalichukia tangu nilipokuwa msichana aliyeolewa juzi, na sitaacha leo ati kwa kuwa nimezeeka na watu wanapenda wazee wawe wapole.

Jina lake la Kipare nalijua, ila sitaliandika hapa. Halistahili. Yatosha kusema ni lile la kichwa cha mviringo, jekundu kupita kiasi, nyuzinyuzi tupu, linalotoka peke yake kwenye udongo mkavu bila hata jani moja, mvua ya vuli ikiwa imebakiza wiki moja au mbili. Mwaka mzima halipo. Unapita juu yake na ndoo, unafagia juu yake, kuku wanachakura juu yake. Halafu asubuhi moja, kiangazi kimeshakukondesha, unalikuta limesimama. Wakwe zangu, kama watu wote wa milima ile ya juu ya Gonja, walilihesabu kuwa dalili ya kwanza. Baada yake mkuyu ungechipua, sisimizi wangehamisha mayai kuyapandisha ukutani, upepo ungegeuka. Lakini la kwanza ni ua. Kila nyumba ilikuwa na yake uani, na kila mama mwenye nyumba alijisifu kwamba la kwake halijawahi kudanganya.

Mimi ni mtu wa tambarare. Nimezaliwa Maore, huko chini, na kwetu mwanamke hamwagi maji hovyo. Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye shina la kitu: mpapai, mnavu, chochote chenye mizizi. Mama yangu angeniona nimeyarusha uani hivi hivi angenifinya sikio mpaka nione nyota mchana. Nilipoolewa kule juu nikakuta wanawake wanasimama mlangoni, wanarusha maji chwaa, popote! Moyo uliniuma. Nikachagua pahali pangu nyuma ya jiko, kando ya masale, ile mimea ya mpakani, nikawa nayamwaga pale pale asubuhi na jioni, nikitaka kuotesha mchicha. Mchicha wenyewe kuku waliumaliza ukiwa bado vidole viwili. Mimi nikaendelea kumwaga kwa mazoea tu.

Sasa sikilizeni lililoniudhi la kwanza, maana yako mengi.

Ilikuwa wakati wa vita vile vikubwa, na serikali ya Mwingereza ilitaka mkonge. Ilitaka mkonge kwa vita vyake, lakini mikono ya kuukata ilikuja kuitafuta kwetu. Jumbe akapewa hesabu ya wanaume wa kutoa, naye akapita nyumba kwa nyumba na tarishi wake. Mume wangu walimkuta mchana, yuko juu ya paa la jiko hili hili anaezeka upya. Wakamwambia shuka. Akashuka, akanawa mikono, akaniaga kwa macho kwa kuwa mama yake alikuwepo, akaenda zake. Upande mmoja wa jiko una majani mapya, upande wa pili unaona mbingu. Hata kumaliza paa hawakumwachia!

Jumbe alituambia barazani tusilie. Alisema wanaume watarudishwa vuli ikianza, ili mashamba yasilale, kisha tutaona. Maneno yale mama mkwe aliyashika kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Kutwa, "Vuli ikianza mwanangu atarudi." Na mimi nilikuwa na mimba changa, nikawa nayasema vilevile, kimoyomoyo.

La pili lililoniudhi walilifanya watu wetu wenyewe, msidhani nitawaficha. Tulikuwa na ndiva, yaani bwawa letu la kukingia maji ya mfereji, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kumwagilia. Lakini zamu unaipata kwa kutoa mwanamume kwenye msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzibua na kukandika ndiva. Nyumba yetu mwanamume wake yuko kwenye mkonge. Nikaenda mimi na jembe langu. Wakanitazama, wakacheka, wakasema mjamzito asije akazalia kwenye tope. Zamu yetu wakapewa wengine. Kwa hiyo mwaka ule shamba letu lilitegemea mvua ya mbinguni na si kitu kingine, na mbegu tuliyobakiwa nayo ilikuwa kibuyu kimoja cha mahindi kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko, maana masika ilikuwa imetupa mabua zaidi ya mahindi. Kibuyu kile ndicho kilikuwa mwaka wetu mzima.

Basi asubuhi moja nasikia mama mkwe anapiga vigelegele nyuma ya jiko. Nikadhani mume wangu amerudi, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Wapi! Ni ua. Limesimama pale kwenye udongo mweusi, jekundu, na pembeni yake mengine matatu yanachomoza. Mama mkwe amepiga magoti, machozi yanamtoka. "Limewahi mwaka huu," akasema. "Lione! Limewahi."

Nikafurahi. Sitakana, nilifurahi mpaka nikasahau mwiko. Mchana nikashuka kuchota maji, na njiani nikawa nachungulia nyua za watu. Kwa jirani, hakuna. Kwa jirani wa pili, hakuna. Nyumba nane nilizopita, udongo mkavu mtupu, mkuyu wa njia panda hata chipukizi moja hauna. Nikarudi na mtungi wangu, nikaosha vyombo, nikaenda kumwaga maji pahali pangu. Ndipo nikatazama chini. Ua limesimama katikati ya tope langu. Udongo mweusi ule ulikuwa mweusi kwa sababu nilikuwa nimeulowesha mimi, miezi na miezi, kwa maji ya sufuria.

Nikamwendea mama mkwe. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, ua hili si la mvua. Ni maji yangu. Nilikuwa namwaga hapa kila siku. Kwa watu wengine halijatoka."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe mtu wa vumbi," akasema, "ulipokuwa unazaliwa huko tambarare, ua hili lilikuwa limeshaniambia mvua mara ngapi? Leo unataka kunifundisha uani kwangu?"

"Lakini mama, tukipanda sasa mbegu itakaukia ardhini au italiwa na panya. Hatuna nyingine."

"Nimesema funga mdomo. Kesho tunapanda. Mwanangu atakuja akute shamba limeguswa."

Nilifunga mdomo. Ningefanya nini? Mume hayupo, nyumba si yangu, hata sufuria si yangu. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Nilikasirikia ukaidi wake, nikakasirikia lile neno "mtu wa vumbi", na zaidi nilijikasirikia mwenyewe na usafi wangu wa kijinga wa Maore.

Kesho yake tukaenda shambani. Yeye anatangulia na jembe, anachimba mashimo. Mimi nafuata na kibuyu, natia mbegu, nafukia kwa mguu. Udongo mkavu unaruka vumbi hadi puani. Kwenye shimo la kumi hivi mkono ulikataa. Nikamtazama mgongo wake, umeinama, hageuki. Nikafukia shimo tupu. Linalofuata nikatia mbegu mbili, matatu yaliyofuata nikafukia tupu. Nikaendelea hivyo mpaka jua likawa la utosi, shimo moja lina mbegu, matatu hayana kitu. Mbegu nilizozinyima nikawa nazitia kwenye pindo la kanga. Jioni nilizificha kwenye kikapu changu cha harusi, chini ya nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa. Niliogopa, lakini sikujuta.

Siku ya pili yake mama mkwe akalichuma ua lile kubwa, akalifunga kwenye jani la mgomba, akavaa kanga yake nzuri, akashuka kwa jumbe. Ni mwendo wa kutwa kwenda na kurudi, na magoti yake yalikuwa mabovu. Alirudi jua linazama, amechoka, lakini uso unang'aa. "Nimewaonyesha," akasema. "Nimemwambia jumbe, dalili hii hapa, na sisi tumeshapanda, nirudishieni mwanangu. Karani ameandika. Nimemwona kwa macho yangu, ameandika!"

Usiku ule alilala akiimba wimbo wa kanisani.

Mvua haikuja. Wiki ya kwanza, jua. Wiki ya pili, jua na upepo. Wiki ya tatu kwale walishuka shambani kwetu familia nzima, wakawa wanafukua mistari yetu bila hata haraka. Majirani wakapita njiani na kutusalimu kwa kirefu, shikamoo mama, habari za mahindi mama, na wakishavuka kona unasikia kicheko. Yale maua matatu yaliyobaki nyuma ya jiko yakasinyaa, yakaanguka. Kila nilipoosha vyombo niliyabeba maji yale hadi njiani, mbali, nikayamwaga kule kwa hasira kama namtukana mtu.

Ndipo kwa jirani ua likatoka. Kesho yake kwa jirani wa pili. Mkuyu wa njia panda ukajaa chipukizi, nyekundu nyekundu, na sisimizi wakapanda ukuta wa jiko na mayai yao mdomoni. Nyua zote zikawa na taa zake nyekundu isipokuwa uwanja wetu. Siku ya sita mvua ikapiga. Ilipiga mchana kutwa, na lile paa lililoachwa nusu likatuvujia mpaka majivu ya mafigani yakaelea.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ule upande mkavu, amejikunyata, anatazama kibuyu kitupu. Nikaingia chumbani, nikatoa kikapu, nikamwaga mbegu zangu kwenye ungo mbele yake. Akachota kiganja kimoja.

"Umezitoa wapi?"

"Shambani."

"Shambani tulipanda."

"Ulichimba, mama. Mimi nilifukia mashimo matupu."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia majibu, tena makali, nimeyapanga wiki tatu nzima. Hayakuja. Aliinuka, akachukua jembe, akasema, "Haya, twende kabla udongo haujashiba," akatoka kwenye mvua. Hata shukrani hakutoa! Nilimfuata nikilia kwa hasira.

Tulipanda, na yakaota. Na wanaume wakaanza kurudi. Wa jirani alirudi, akapanda na mke wake. Wa nyumba ya pili alirudi. Mimi kila jioni nilisimama kwenye masale nikitazama njia ya Gonja. Mahindi yakafika vifundoni, yakafika magotini. Mume wangu hakuonekana.

Nikamwambia mama mkwe aende akaulize. Akasema magoti yanamuuma. Nikaenda mwenyewe na tumbo langu, nikiteleza kwenye tope mpaka barazani kwa jumbe. Jumbe hakuwepo. Alikuwepo karani, kijana mwenye suruali fupi nyeupe na kalamu nyuma ya sikio. Nikamsalimu. Nikamwambia nyumba yetu. Akafunua daftari, akapitisha kidole, akasimama.

"Nyumba hii imeshapanda," akasema.

"Sasa tumepanda, ndiyo. Lakini mume wangu..."

"Si sasa. Ilikuwa imeshapanda kabla ya mvua, kabla ya watu wote. Mama wa nyumba alikuja mwenyewe na ua akasema. Waliorudishwa ni wa nyumba zilizokuwa hazijapanda. Ninyi mna watu wa kupanda. Mnao wawili. Wa kwenu ameongezewa mwaka, kujaza nafasi ya waliorudi."

Nikamwambia si kweli, hatukuwa tumepanda, yalikuwa mashimo matupu, nilifukia mwenyewe.

Akatoa kalamu nyuma ya sikio. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo sijamsamehe. "Basi mama mkwe wako alimdanganya jumbe mbele ya baraza," akasema. "Hilo nalo lina adhabu yake. Niandike?"

Kalamu iko juu ya karatasi, inangoja. Nikamwona mama mkwe na magoti yake anapelekwa Same kwa bwana shauri, yule Mzungu wa serikali, anasimamishwa mbele ya askari. Nikamwona mume wangu anarudi siku moja kukuta mimi ndiye niliyemtia mama yake kizuizini.

"Usiandike," nikasema.

Akafunga daftari.

Ile njia ya kurudi sikumbuki nilivyoipanda. Nakumbuka nilipofika nilipiga mlango wa jiko teke. Nilimwambia mama mkwe maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Nilimwambia ua lake limemla mwanawe. Nilimwambia nilimwonya, nikaitwa mtu wa vumbi, na sasa mtoto wangu atazaliwa hana baba nyumbani kwa sababu ya kiburi cha kikongwe kisichosikia. Nilisema yote kwa sauti, majirani wasikie, na walisikia.

Alingoja nikakosa pumzi. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuona."

"Unaniona nini?"

"Ukimwaga maji. Kila asubuhi na kila jioni. Unadhani mimi ni kipofu uani kwangu? Nilijua ua lile ni la maji yako kabla wewe hujajua." Alikuwa anachochea moto, hanitazami. "Jumbe alisema vuli ikianza. Sikuweza kungoja vuli. Nikasema, nitawapa dalili, nitawapa na shamba lililochimbwa, hawatakuja kupima udongo. Mbegu ilikuwa kidogo. Mwanangu ni mmoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniachia kibuyu?"

Nisingemwachia. Tulikuwa tumedanganyana katika shamba moja, yeye mbele na jembe, mimi nyuma na kibuyu, na serikali ikatuchapa wote wawili kwa uongo ule ule. Mnategemea niseme hapo tulikumbatiana? Thubutu. Nilitoka nikaenda kupalilia, na nilipalilia mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Mume wangu alirudi vuli ya mwaka uliofuata. Binti yetu alikuwa anatambaa, alipomwona alilia akatambaa mbio kwangu. Alikuwa amekonda, na mkono wa kulia una vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kukamua mkonge, na nilipomuuliza ni mwezi gani, ulikuwa mwezi ule ule wenzake waliporudi wakawa nyumbani wanapalilia mahindi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikapiga ukuta ngumi.

Jioni ile aliuliza, "Nani aliwaambia tumeshapanda? Kule walinisomea hivyo. Nyumba yako imeshapanda."

Mimi na mama yake tulikuwa mafigani, kila mtu upande wake. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amefumba macho, anangoja niseme. Mwaka mzima nilikuwa nimelingoja swali lile. Nilikuwa na haki yangu, nimeitunza.

"Karani alikosea," nikasema.

Mama mkwe alifariki miaka minne baadaye, hakuwahi kunishukuru, na mimi sikuwahi kumsamehe. Nilimtunza tu. Mume wangu aliishi sana, na mpaka anaingia kaburini alimlaani karani yule. Alimaliza paa kwa mkono wa kushoto. Na lile ua, jamani, alilipenda! Kila mwisho wa kiangazi yeye ndiye aliyetangulia kuliona, akaniita kwa sauti ya kijana, nami nikatoka na mwiko wangu, nikamkuta amechuchumaa na kulielekezea kwa ule mkono wenye vidole vitatu.

"Njoo uone, mke wangu," alikuwa akiniambia. "Limewahi mwaka huu."

Nami nilikuwa nainama, nagusa kwanza udongo, nione kama umelowa.